Stesheni Juu ya Meza

Jirani yangu, seremala mstaafu, aliniita juzi nikaitazame stesheni ya Mazeras aliyoijenga juu ya meza. Kipimo chake ni 1 kwa 87: mtu wa sentimita 174 huwa na kimo cha sentimita 2. Udongo kautoa huko huko, akauchekecha, akaumwaga, kisha akaudondoshea gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji na tone la sabuni ili izame upesi. Nyasi ni nyuzi za katani zilizokatwakatwa.

"Maalim, kumepungua nini?"

Hakika ilipendeza, lakini ilikuwa safi mno, mithili ya nyumba isiyokaliwa. Nikamwambia apake masizi ukutani, na achore ujia uliochimbwa na nyayo za wauza madafu.

"Na ule mkwaju uliokatwa, ulikuwa upande gani?"

Nikanyamaa. Chini ya mkwaju ule marehemu baba aliniaga nilipopanda gari kwenda Nairobi. Tangu 2017 abiria wa Nairobi wamehamia reli mpya, nami sijarudi pale. Upande siukumbuki.

Ametoboa matundu mawili mezani. Kesho namwendea mama nikamwulize. Nawe msomaji, waulize wako wangalipo.