Mashua na Msamiati Wake

Mtepe, chombo cha Lamu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi pasi na misumari, ulitoweka baharini katika karne ya 20. Leo tunauona kwa mifano ya makumbusho tu. Lakini mfano haufundishi lugha. Mafundi wa Matondoni wangali wakiunda majahazi na mashua za uvuvi, nao ndio wenye mkuku, taruma, foromali ibebayo tanga, na kukalafati, yaani kuziba nyufa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Mvuvi akichagua boti ya mashine (nani amlaumu?), maneno hayo hubakia kamusini. Walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi Matondoni na daftari zao, wakayaandike huku wakitazama tezo ikifanya kazi.