Betri ya lithiamu kwenye tela la juisi: faida huanza usiku wa 501

Jioni ukipita Michenzani unaweza kuwakuta vijana wawili wakisukuma tela la juisi. Mmoja anauza, mwingine kazi yake kubwa ni kusukuma tu. Chini ya meza zimo betri mbili za maji, Ah 100 kila moja, uzito wake kwa pamoja karibu kilo 60. Mwenye tela ameniuliza kama inalipa kuzitoa na kuweka moja ya lithiamu.

Betri si kitu kigeni Unguja. Umeme wetu huja kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara. Ulipokatika Mei 2008 kwa karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, wenye maduka walijifunza kwa hasara kutotegemea waya huo peke yake. Kwa mwenye tela, betri ndiyo injini ya biashara yenyewe.

Tulikaa tukapiga hesabu. Taa, friji ndogo na mashine ya kusagia matunda hula karibu uniti moja kwa usiku, ukijumlisha na inayopotea kwenye inveta. Betri ya maji ya Ah 100 ina uniti 1.2, lakini ukitumia zaidi ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo zinahitajika mbili. Ya lithiamu, ile ya chuma na fosfeti, unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi. Moja inatosha, na ina kilo 12 hivi.

Sasa fedha. Bei hubadilika, basi tuchukue mfano tu. Tuseme betri mbili za maji ni Sh. 600,000 na zikitunzwa zinadumu usiku 500. Kila usiku umekugharimu Sh. 1,200. Lithiamu pamoja na chaja yake tuseme Sh. 1,100,000, ikidumu usiku 2,000: Sh. 550 kwa usiku. Lakini angalia lini faida inaonekana. Hadi usiku wa 500 wewe wa lithiamu umetoa laki 5 zaidi ya mwenzako. Usiku wa 501 yeye ananunua jozi nyingine, jumla yake inafika Sh. 1,200,000, na hapo ndipo unampita. Kwa anayefanya kazi usiku 26 kwa mwezi, ni mwaka mmoja na miezi saba.

Anayetoka mwezi wa Ramadhani na sikukuu tu, mimi namshauri asubiri. Laki 5 hizo azizungushe kwenye maembe na ndimu. Hata mfugaji ambaye betri yake imekaa bandani mwaka mzima haisukumi popote, hivyo asilipie wepesi. Aangalie urefu wa maisha yake tu.

Wengi wanaumia kwenye chaja. Chaja za betri za maji, na baadhi ya vidhibiti vya sola, zina hatua ya kupandisha umeme kupita volti 15 ili kusafisha sahani za risasi. Lithiamu ya volti 12 haitaki zaidi ya volti 14.6 hivi. Ukikosea, kifaa cha ulinzi kilichomo ndani kitaizima, na kikiwa duni hakitaizima. Usiunganishe betri mpya ya lithiamu na ya maji iliyozeeka. Wala usiichaji moja kwa moja kutoka kwenye mota ya chaji ya gari. Betri hii huvuta umeme mwingi mno na mota inaweza kuungua. Dukani omba mizani: Ah 100 yenye kilo sita ni ya kutilia shaka.

Betri za maji nazo zina hatari zake. Zikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto, na matela mengi yana jiko la mkaa hapohapo. Zikifa, wanunuzi wa vyuma chakavu huzichukua kwa fedha taslimu, faida ambayo lithiamu bado haina. Ila usizivunje nyumbani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kiliwadhuru wakazi kwa risasi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh. bilioni 1.3 za Kenya.

Mwenye tela wetu ameamua kununua chaja kwanza, kisha betri baada ya msimu wa maembe. Kijana wa kusukuma hatamwachisha. Atampa meza ya pili.