Ilungu la Wafipa

Fundi wa Kihindi asubuye sanamu ya Shiva hufanya kwanza umbo la nta, akalivika udongo, akalichoma. Nta hutoka, madini huingia mahali pake. Maana hukaa katika sanamu: mikono minne, duara la moto, mguu ulioinuliwa. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, ilipo Kaengesa, mambo yalikuwa kinyume. Kilichofuliwa mwishoni kilikuwa jembe tu. Maana ilikaa katika tanuri, yaani ilungu.

Ilungu lilijengwa kwa udongo, kimo chake kama mita 3, nalo lilivuta upepo kwa matundu ya chini pasipo mivukuto. Lilikuwa bibi arusi: lilipambwa, likafukiwa dawa ndani, na waliolihudumia walijitenga na wake zao mpaka chuma kizaliwe. Ndipo kikasafishwa katika tanuri dogo lenye mivukuto.

Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya madukani yalipoenea. Basi afasiriye ilungu kwa neno "tanuri", lenye asili ya Kiarabu na litumikalo hata kwa mkate, amepata umbo, ameacha ndoa. Kamusi itakayoliingiza neno hili haina budi kumtaja na bibi arusi.