Kifafa Ufipa: Siku mashine iliposema hakuna kitu

Wenyeji wa Sumbawanga husema kwamba jina la mji wao lina maana ya kutupa uchawi: anayeingia autupe nje kwanza, ndipo akaribishwe. Ndugu msomaji, hatutaji jina hilo kwa kuwakebehi Wafipa, kwani sisi tunaoandika tuna damu ya huko. Tunalitaja kwa sababu jambo tunalotaka kulizungumza Ijumaa hii, yaani maradhi ya kifafa na kazi ya wale wanaopima umeme wa ubongo, lilitufika nyumbani, na tulipofikwa tukasahau maana ya jina la mji wetu.

Ufipa ni nchi ya juu, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na miezi ya Juni na Julai baridi yake huwakusanya watu motoni tangu magharibi. Jioni moja ya Juni 2008, mtoto wa ndugu yetu, wakati huo akiwa na miaka tisa, alianguka kifafa akiwa kando ya meko. Mkono wake wa kulia ukaingia kwenye makaa. Watu wazima walikuwapo, na hakuna aliyemgusa. Povu lilikuwa linamtoka mdomoni, na kila mmoja alikuwa ameambiwa tangu utotoni kwamba anayeguswa na povu lile huupata ugonjwa. Aliyemtoa motoni ni bibi yake, aliyerudi kutoka kisimani akatua ndoo na kumvuta. Vidole viwili vya mkono ule havinyooki hadi leo.

Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa kumshika mgonjwa. Lau sote tungalilijua hilo jioni ile, mkono ungalisalimika. Wala khofu hii si ya Ufipa peke yake. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alipoanzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge mwaka 1960, aliwakuta wagonjwa wenye makovu kama hayo ya moto, wakiishi kwa kutengwa, wakila peke yao. Aliwapa vidonge vya fenobabitoni, dawa iliyokuwa ikitumika duniani tangu mwaka 1912, na wengi wao wakaacha kuanguka.

Sisi hatukumpeleka kijana wetu hospitali. Tulichanga fedha, na mchango wetu sisi wenyewe ulikuwamo, akapelekwa kwa waganga watatu, kisha kwa mtu aliyedai kutoa majini kwa kisomo. Huyu wa mwisho alimpiga kwa fimbo ili jini litoke. Tunalisema hili kwa haya.

Wasomaji watatuuliza: je, nyinyi hamuamini kuwapo kwa majini? Tunaamini. Lakini wanavyuoni wetu hawakulifanya kila anguko kuwa ni jini. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliugawa ugonjwa huu mafungu mawili, moja la roho mbaya na moja la maradhi ya mwili, na hilo la pili akalikiri kuwa ni uwanja wa matabibu. Kabla yake Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikieleza kifafa katika kitabu chake cha Qanun kama ugonjwa wenye kuushika ubongo. Na katika Sahihi za Bukhari na Muslim imo habari ya yule mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka, akamwendea Mtume (S.A.W.) kuomba dua. Alipohiyarishwa baina ya kusubiri na kuombewa afya, alichagua subira, lakini akaomba jambo moja: asifunuke mwili pindi aangukapo. Mtume akamwombea. Hakumfukuza, hakumkemea, wala hakumpiga mtu.

Mwaka 2013 daktari mmoja alimwona kijana wetu na kuandika karatasi ya kipimo cha EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, katika hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam. Kutoka Sumbawanga hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi, kupitia Tunduma na Mbeya. Tulikodi chumba Temeke, na asubuhi yake tukafika dirishani tukiwa na karatasi yetu mkononi. Hapo tukaambiwa kwamba nywele zake zina mafuta, na kichwa chenye mafuta hakipimiki. Hakuna aliyetuambia hayo kabla ya safari. Bibi, kwa kutaka mjukuu wake awe nadhifu mbele ya madaktari, alikuwa amempaka mafuta ya nazi hadi yanang'aa. Tukamwosha kwenye bomba la uani kwa sabuni ya kufulia.

Chumba cha kipimo kilikuwa kidogo: kitanda, kompyuta, na dada mmoja aliyevaa koti jeupe. Huyu siye daktari. Ni fundi wa kipimo, na kazi yake tuliitazama kwa karibu saa nzima. Alitoa utepe wa kupimia kama wa fundi cherehani, akapima kutoka kitako cha pua hadi kinundu cha kisogo, kisha kutoka sikio hadi sikio, akawa anatia alama kwa kalamu ya nta katika kila sehemu 10 au 20 kati ya 100 za urefu ule. Utaratibu huo wa kupima uliwekwa wazi na Herbert Jasper mwaka 1958, na ndio unaotumika ulimwenguni kote, ili kichwa kilichopimwa Dar es Salaam kiweze kusomwa na daktari wa Nairobi au London bila ya ubishi. Kila alama aliisugua, akabandika kisahani kidogo cha madini kwa uji mzito wa chumvi. Visahani vilikuwa 21, kila kimoja na waya wake.

Kijana alianza kutetemeka. Alidhani anatiwa umeme. Dada yule akaacha kazi, akajibandika waya mmoja kwenye paji la uso wake mwenyewe, akamwambia kwa upole kwamba mashine hii haitoi kitu, bali inasikiliza tu. Na ndivyo ilivyo. Ubongo wa kila mwanadamu hutoa umeme wake, mdogo mno, wa kupimwa kwa sehemu za milioni moja ya volti. Hans Berger, daktari wa mji wa Jena nchini Ujerumani, aliunasa kwa mara ya kwanza juu ya kichwa cha binadamu mwaka 1924, akakaa na siri hiyo miaka mitano akijishuku, hata akaitangaza mwaka 1929. Mtu mzima akiwa macho, ametulia na amefumba macho, mawimbi ya kisogoni huenda mara 8 hadi 13 kwa sekunde. Akifumbua, hupotea.

Tatizo ni kwamba umeme mdogo hivyo huzibwa na kila kitu. Mtu akipepesa macho, mistari inaruka. Akitafuna, inachafuka. Jasho huipeperusha polepole kama kamba ya nguo yenye upepo, nao umeme wa ukutani huingia na mtetemo wake wa mara 50 kwa sekunde. Dada yule hakuondoa jicho kwenye kioo wala kwa mgonjwa, na kila lilipotokea jambo aliliandika: amekohoa, amesogeza mguu, mlango umegongwa. Asipoandika, daktari atakayesoma baadaye aweza kudhani kikohozi ni kifafa, na mtu akala dawa miaka mingi pasi na sababu. Akamwamuru kijana apumue kwa nguvu dakika tatu, kisha akamulika taa ya kumetameta mbele ya macho yaliyofumbwa. Vyote hivyo ni vya kuuchokoza ubongo uoneshe kilichofichika.

Majibu yalikuja: hakuna dalili ya kifafa.

Hapa ndipo tunapotaka wazazi watusikilize kwa makini. Mmoja wa ukoo wetu aliposikia majibu hayo alipiga simu kutoka Sumbawanga akasema: mashine haikuona kitu, basi mmethibitisha wenyewe kwamba ni jini, rudini nyumbani. Nasi tulianza kufunga mizigo. Aliyetuzuia ni fundi yule yule. Alitueleza kwamba kipimo cha nusu saa ni kama kuchungulia dirishani mara moja: usipomwona mtu haina maana kwamba nyumba haina wenyewe. Takriban nusu ya wenye kifafa kipimo chao cha kwanza hutoka safi. Akatushauri tumwombe daktari kipimo cha pili, kijana akiwa amekesha, ili alale akiwa kwenye mashine.

Tulikesha naye usiku ule, kwa hadithi na kwa Qur'ani na kwa chai nyingi, hadi alfajiri. Saa tatu asubuhi alilala juu ya kitanda cha kipimo mara tu waya zilipokamilika. Haikupita robo saa, mistari ya upande wa kushoto, juu ya sikio, ikaanza kutoa ncha kali kama miiba, moja, kisha mbili, kisha mfululizo. Dada hakusema neno, maana kusoma majibu ni kazi ya daktari, lakini tulimwona akisogeza kiti. Daktari alisema kovu dogo la ubongo laweza kuwa lilianza na degedege la muda mrefu alilopata akiwa mchanga. Akaandikiwa kabamazepini.

Zipo sababu nyingine, na moja inahitaji kutajwa kwa Waislamu hasa. Nyanda za juu za kusini hufugwa nguruwe wengi, na tegu wa nguruwe ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya kifafa. Waislamu wengi hudhani hilo haliwahusu kwa vile hawali nyama hiyo. Kumbe uvimbe wa ubongoni hautokani na kula nyama. Nyama humpa mtu tegu wa tumboni. Ubongo huingiliwa na mayai ya tegu yanayotoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakafika kwenye mboga, maji au mikono. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walieleza habari za Mayahudi wa New York, watu wasiogusa kabisa nguruwe, waliougua hivyo kwa sababu ya tegu waliokuwa nao watumishi wa majumbani mwao. Choo na kunawa mikono, basi.

Kwa dada zetu wanaokwenda kupimwa: fumueni rasta na mabutu, msipake mafuta, na ombeni fundi wa kike au pazia, kwani kichwa lazima kifunuliwe. Uji ule huoshwa kwa maji ya vuguvugu. Uoshwe wote kabla ya josho. Tumefurahi kusoma kwamba huko Marekani Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alibuni visahani vinavyoshika baina ya mistari ya nywele zilizosukwa, kwa sababu vya kawaida havikutengenezwa kwa kufikiria nywele zetu. Na kwa kila familia: mgonjwa akianguka, mwondoeni penye moto na maji, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni wala msimnyweshe kitu. Zikipita dakika tano, ni hospitali.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangetibiwa ipasavyo. Katika nchi zetu wengi wanaofanya kazi ya dada yule ni wauguzi na mafundi waliofundishwa wakiwa kazini, na ni wachache mno. Kijana anayemaliza sayansi pale Sumbawanga huambiwa awe daktari au muuguzi. Hakuna anayemtajia kazi hii.

Kijana wetu hajaanguka tangu mwaka 2015. Dawa hunywa asubuhi na jioni, na Ramadhani daktari wake humpangia futari na daku. Mwaka ambao daktari alimkataza kufunga, hakufunga. Ana duka la spea za baiskeli. Kisomo bado tunamsomea. Jioni za Juni, watu wakikusanyika motoni, yeye huketi upande wa mlango, na bibi yake huketi katikati yake na meko.