Kumbukumbu Zinazofanana Ndizo Msingi wa Kuboresha Ufufuaji wa Wanyama

Na Mwandishi Wetu, Manyoni

Moyo wa mnyama unaposimama, daktari wa mifugo huwa na dakika chache tu za kumwokoa. Huduma inayotolewa katika dakika hizo, yaani kukandamiza kifua na kumpa mnyama hewa, huitwa ufufuaji wa moyo na mapafu. Kwa binadamu, huduma hii imefanyiwa utafiti kwa miongo mingi. Kwa wanyama, mwongozo wa kimataifa uliotokana na mapitio ya kina ya tafiti ulitolewa mwaka 2012.

Mwongozo huo, unaojulikana kwa jina la RECOVER, uliandaliwa na madaktari wa wanyama zaidi ya 100. Waligawana maswali, wakapitia tafiti zilizokuwapo na kupima uzito wa ushahidi wa kila jibu. Ulihuishwa mwaka 2024. Unaelekeza kifua kikandamizwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukatiza kwa dakika 2, kisha mtoa huduma mwingine apokee ili nguvu isipungue.

Hata hivyo, mbwa na paka wanaopona kabisa baada ya moyo kusimama bado ni wachache. Tafiti nyingi zinaonesha hawafiki 1 kati ya 10. Wanaopata tatizo hilo wakiwa chini ya dawa ya usingizi, mbele ya daktari, huwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona. Kwa hiyo, takwimu zinazomchanganya mnyama huyo na aliyegongwa na gari haziwezi kuonesha ni tiba ipi iliyosaidia.

Hapo ndipo umuhimu wa utafiti wa pamoja unapoonekana. Kliniki moja hupata matukio machache mno kuweza kutoa jibu la uhakika, lakini kliniki nyingi zikiunganisha kumbukumbu zao, jibu hupatikana. Sharti ni kwamba zote ziandike mambo yaleyale kwa maana ileile: chanzo cha tatizo, nani alishuhudia, muda uliopita kabla ya huduma kuanza, dawa zilizotumika, na kama mnyama alirejewa na mapigo ya moyo au alipona kabisa. Mwaka 2016 wataalamu walichapisha utaratibu wa pamoja wa kuandika taarifa hizo kwa mbwa na paka.

Kwa wilaya ya wafugaji kama Manyoni, suala hili lina uzito wa pekee. Mapendekezo hayo yanahusu mbwa na paka, ilhali riziki ya kaya nyingi hapa inategemea ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Kumbukumbu za maofisa mifugo wa kata kuhusu ndama waliozaliwa bila kupumua, zikiandikwa kwa utaratibu mmoja, zinaweza kuwa malighafi ya utafiti kwa taasisi kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro.

Mfugaji naye ana nafasi yake. Ndama akizaliwa bila kupumua vizuri, aondolewe ute puani na mdomoni, alazwe kifudifudi huku miguu ikiwa imekunjwa chini ya mwili, asuguliwe kwa nguvu kwa kitambaa au majani makavu, na achokonolewe pua kwa unyasi ili ashtuke na kuvuta hewa. Saa ya kuzaliwa, hatua zilizochukuliwa na matokeo yake viandikwe na kupelekwa kwa ofisa mifugo, hata kama ndama amekufa. Kumbukumbu za waliopona pekee huwapotosha watafiti.

Wananchi wanatahadharishwa kutompulizia mnyama hewa kwa mdomo. Ute na maji ya uzazi vinaweza kubeba vimelea vya brusela, ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza pia binadamu, na mate ya mbwa yanaweza kuwa na virusi vya kichaa cha mbwa. Anayemhudumia mnyama anayezaa avae glovu na kunawa kwa sabuni.

Dawa za usingizi na za kurejesha mapigo ya moyo zitolewe na wataalamu wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003. Mfugaji anayehitaji msaada awasiliane na ofisa mifugo wa kata yake mapema, mara dalili za uzazi mgumu zinapoonekana.