Mpangaji wa Nyumba ya Kifahari Hulipia Nini? Mfano wa Rasi ya Msasani

Sehemu kubwa ya soko la nyumba za kupanga za kifahari jijini Dar es Salaam imejikusanya katika Rasi ya Msasani, ulimi wa ardhi unaoingia baharini kaskazini mwa katikati ya jiji, wenye mitaa ya Oysterbay na Masaki, na sababu za hali hiyo zilikuwapo zamani kabla ya ghorofa za sasa kujengwa. Utawala wa Waingereza uligawa mji kwa kanda ambazo kisheria zilihusu viwango vya ujenzi lakini kwa vitendo zilifuata rangi za watu, hivyo Wazungu wakatengewa ufuko wa Oysterbay na Waafrika wakaelekezwa Kariakoo na Ilala. Viwanja vya Uzunguni vilipimwa vikubwa, kila kimoja kikiwa na nyumba ya chini katikati ya bustani, na baada ya uhuru nyumba hizo zilikaliwa na viongozi, mabalozi na watumishi wa umma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba nyingi za serikali ziliuzwa kwa watumishi, kwa utaratibu ambao bado unalalamikiwa, na viwanja vipana vikaingia mikononi mwa watu binafsi. Palipokuwa na familia moja na miembe yake pakaanza kusimama jengo la fleti. Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa mwaka 2022 na kuvuka bahari kutoka karibu na Hospitali ya Aga Khan hadi upande wa Coco Beach, likapunguza adha ya foleni ya Daraja la Selander, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa hoja kuu ya kutohamia huko.

Anayeitembelea fleti ya namna hii huonyeshwa kwanza marumaru, jiko la kisasa na bahari inayoonekana kutoka barazani, ingawa vitu hivyo si ndivyo vinavyoitofautisha sana na nyumba nzuri ya Sinza au Kijitonyama. Kinachouzwa hasa ni uhakika: maji ya kisima na matangi yanayoendelea kutoka mgawo wa DAWASA unapokatika, jenereta linalowaka umeme wa TANESCO unapozimika, lifti inayofanya kazi na walinzi wanaokesha getini. Kwa maneno mengine, mpangaji hununua kwa fedha yake binafsi huduma ambazo mji haujaweza kumhakikishia kila mtu, na kwa hiyo sehemu ya mkataba inayostahili kusomwa kwa makini kuliko zote ni ile ya gharama za huduma, yaani mchango wa kila mwezi wa kuendesha na kutunza sehemu za jengo zinazotumiwa na wote. Mkataba ukinyamaza kuhusu nani anayelipia dizeli, au jenereta likiwa linahudumia taa za ngazi na lifti tu huku viyoyozi vikiachwa, ufahari huo huisha siku ya kwanza umeme unapokatika. Hewa ya chumvi nayo hula viyoyozi na nondo kwa kasi, na suala la nani anayevitengeneza halipaswi kuachiwa ahadi ya mdomo ya dalali, ambaye kwa kawaida hupokea ujira wa kodi ya mwezi mmoja na kuondoka.

Kodi yenyewe kwa miaka mingi ilitajwa kwa dola, hata pale mwenye nyumba na mpangaji wote walipokuwa Watanzania, na kila shilingi iliposhuka thamani mpangaji anayelipwa mshahara kwa shilingi aliongezewa mzigo bila barua yoyote ya kupandisha kodi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zimepiga marufuku kutaja bei na kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo imebaki, na kwa fleti ya kifahari fedha hiyo ni mtaji halisi ambao mpangaji humkopesha mwenye nyumba bila riba. Sheria ya udhibiti wa kodi za pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo kiwango cha kodi huamuliwa na maafikiano, na aliyelipa kwa mkupuo hana nguvu kubwa ya kudai bomba litengenezwe.

Kodi ya majengo ina mkanganyiko wake. Kisheria ni deni la mmiliki, lakini tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, hivyo humwangukia kwanza anayenunua umeme, na mpangaji makini huandikiana na mwenye nyumba kwamba makato hayo yatarudishwa au kupunguzwa kwenye pango.

Uchangamfu wa mtaa, ambao matangazo huusifu, hubadilika kwa saa. Masaki ina migahawa, baa na kumbi za muziki zilizo ukuta kwa ukuta na makazi, na ingawa kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015 zinaipa NEMC, mamlaka ya usimamizi wa mazingira, uwezo wa kuchukua hatua, mlalamikaji huanza kulala vizuri baada ya ukaguzi kufanyika, wala si siku anayopeleka malalamiko. Dalali hupenda kuonyesha nyumba asubuhi; fleti hiyohiyo ikitazamwa Ijumaa saa tano usiku, chumba cha kulala kinachoelekea barabarani huweza kuwa na thamani ndogo kuliko kile cha nyuma kisichoiona bahari.