Kwa Nini Watu Wanawapenda Mabingwa wa Gofu?

Kila mtoto wa Kibombo anaujua mpira wa miguu. Ukimwuliza, atakutajia mara moja wachezaji anaowapenda, na sababu atakuambia pia: huyu ana mbio, yule anafunga mabao mengi. Lakini kuna mchezo mwingine usio na mbio wala kipa, nao una mabingwa wanaopendwa na watu wengi sana. Jina lake ni gofu. Tuutazame kwanza mchezo wenyewe. Halafu tutauliza: watu wanapenda nini kwa mabingwa hao?

1. Mchezo wenyewe

Gofu huchezwa katika uwanja mkubwa wa majani, wenye miti, maji na sehemu za mchanga. Mchezaji ana fimbo ndefu zenye kichwa cha chuma. Hana ruhusa ya kuchukua zaidi ya fimbo 14. Kwa fimbo hizo anapiga mpira mdogo mgumu, uzito wake haufiki gramu 46, mpaka uingie ndani ya shimo. Shimo lenyewe lina upana wa milimeta 108 tu, nalo laweza kuwa mbali, hata mita 400 au zaidi. Uwanja kamili una mashimo 18. Anayeyamaliza yote amekwisha kutembea kilometa 6 au kupita.

Katika gofu anayeshinda ni yule aliyepiga mara chache. Kila pigo linahesabiwa, liwe refu au fupi. Mpira ukiingia mchangani au majini, hakuna mwenzako wa kukusaidia, na hakuna wa kumlaumu.

Watu wengi hucheza gofu kwa kujifurahisha tu. Wengine wameifanya kuwa kazi yao. Mashindano yao makubwa huchukua siku 4. Siku 2 zikiisha, wenye mapigo mengi huondolewa, na mara nyingi hurudi nyumbani bila kulipwa kitu. Waliobaki huendelea, nao hugawana fedha za zawadi.

2. Waliobeba mifuko

Katika Kenya chama cha gofu cha Nairobi kilianzishwa mwaka wa 1906, na wachezaji wake walikuwa Wazungu. Waafrika waliingia uwanjani kwa kufanya kazi: kukata majani, na kubeba mifuko ya fimbo nyuma ya wachezaji. Mfuko wenye fimbo 14 ni mzito, na njia ni ndefu.

Lakini mbeba mfuko ana macho. Aliona jinsi bwana wake alivyosimama, jinsi alivyoshika fimbo, na jinsi upepo ulivyougeuza mpira. Jioni, watu walipokwisha kwenda, kijana alijaribu mwenyewe yale aliyoyaona mchana. Kwa njia hiyo wengi wakajifunza bila mwalimu na bila karo.

Tangu mwaka wa 1967 Kenya ina mashindano makubwa yanayoitwa Kenya Open. Wachezaji wa nchi nyingi huja kushindana. Kwa miaka yote mpaka 2025 hakuna Mkenya aliyelichukua kombe hilo. Mwaka wa 1998 Jacob Okello alikaribia sana: alikuwa wa pili, nyuma ya Ricardo González wa Argentina. Mwingine anayependwa ni Dismas Indiza, mtu wa Mumias, mji wa miwa huko magharibi. Alianza kwa kubeba mifuko, kisha akawa mmoja wa wachezaji wa kulipwa wanaojulikana sana katika Afrika ya Mashariki. Watu hawa hawakulishika kombe la Kenya Open, lakini watazamaji wanawafuata kwa furaha, kwa sababu wanajua walikoanzia.

3. Fimbo moja

Mwaka wa 1978 Kenya Open ilishindwa na kijana wa Hispania, jina lake Severiano Ballesteros. Watu walimwita Seve. Alikuwa hajafika umri wa miaka 22.

Seve alizaliwa mwaka wa 1957 katika kijiji cha Pedreña, kando ya bahari. Baba yake alikuwa mkulima. Mtoto huyu pia alibeba mifuko. Alipokuwa mdogo alikuwa na fimbo moja tu, akajizoeza nayo kwenye mchanga wa pwani. Wenye mali wana fimbo kwa kila kazi: hii ya kupiga mbali, ile ya kutoa mpira mchangani, nyingine ya kuusukuma polepole. Seve alilazimika kuifundisha fimbo yake moja kufanya kazi zote. Wazee wetu husema: fimbo ya mbali haiui nyoka. Seve alitumia iliyokuwa mkononi.

Baadaye, mpira wake ulipoingia vichakani, watu walidhani amekwisha. Yeye aliona njia ambayo wengine hawakuiona. Ndiyo sababu walimpenda. Alishinda mashindano ya Open ya Uingereza mara 3, mwaka wa 1979, 1984 na 1988. Alikufa mwaka wa 2011.

4. Kombe katika mvua

Sasa tutazame Afrika ya Kusini. Katika mji wa Durban aliishi Sewsunker Sewgolum, aliyeitwa Papwa. Alikuwa Mhindi, maskini, hakujua kusoma wala kuandika. Kazi yake ilikuwa kubeba mifuko. Kwa kuwa alijifunza peke yake, alishika fimbo kinyume: mkono wa kushoto aliuweka chini ya mkono wa kulia. Mwalimu ye yote angalimwambia kwamba amekosea. Lakini mpira ulikwenda alikotaka.

Mwaka wa 1959 Mzungu mmoja aliyembebea mfuko alimpeleka Ulaya. Papwa akashinda mashindano makubwa ya Uholanzi mwaka uleule. Akashinda tena mwaka wa 1960, na tena 1964.

Katika nchi yake mwenyewe mambo yalikuwa magumu. Sheria za wakati ule ziliwatenga watu kwa rangi yao. Mwaka wa 1963 Papwa aliwashinda Wazungu katika mashindano ya Natal, huko Durban. Mvua ilikuwa inanyesha. Wazungu walikuwa ndani ya nyumba ya chama, lakini mshindi hakuruhusiwa kuingia, kwa sababu alikuwa Mhindi. Alipewa kombe lake nje, katika mvua.

Picha yake ilisambaa duniani, na watu wengi wakaona haya. Mwaka wa 1965 akashinda tena, akampita hata Gary Player, bingwa mkubwa wa nchi ile. Baadaye serikali ilimkataza kucheza pamoja na Wazungu. Alikufa mwaka wa 1978, akiwa maskini. Utawala wa ubaguzi ulikwisha mwaka wa 1994. Uwanja mmoja wa gofu katika Durban umepewa jina lake.

5. Pigo lisiloonekana

Kuna sababu nyingine ya kuwapenda wachezaji wa gofu. Uwanja ni mkubwa, mwamuzi hawezi kuwa kila mahali. Basi sheria yasema: mchezaji akivunja sheria, ajishtaki mwenyewe.

Mwaka wa 1925 Bobby Jones wa Marekani alikuwa katika mashindano makubwa ya nchi yake. Yeye hakucheza kwa kulipwa. Alipojitayarisha kupiga, mpira ulitikisika kidogo katika majani. Hakuna mwingine aliyeona. Jones alisema kwamba umetikisika, akajiongezea pigo moja. Mwishowe alilingana na mwenzake Willie Macfarlane, wakarudia kucheza, na Jones akashindwa. Pigo lile moja lilimnyang'anya kombe. Watu walipomsifu, alishangaa. Kwake kusema kweli hakukuwa jambo la kusifiwa.

Washindi wengi wa mwaka ule wamesahauliwa. Jones aliyeshindwa anakumbukwa mpaka leo.

Maswali

1. Katika gofu ni nani anayeshinda?
2. Wabeba mifuko walijifunzaje mchezo?
3. Seve alipata faida gani kwa kuwa na fimbo moja tu?
4. Kwa nini Papwa alipewa kombe nje ya nyumba?
5. Kama ungalikuwa Bobby Jones, na hakuna aliyekuona, ungalifanya nini? Jibu kwa kweli.